Punguzo la kodi kwa dawa za magonjwa adimu Marekani (kifungu 45C): gharama zinaanza kuhesabika lini, na kampuni isiyo na faida inapata nini?

Mwanafunzi_wa_Kodi

Wakuu, salaam. Naomba msaada wa mnaoifahamu sheria ya kodi ya Marekani upande wa utafiti wa dawa.

Chukulieni kampuni ndogo iliyosajiliwa Marekani. Haijauza kitu tangu ianzishwe. Inatengeneza dawa ya ugonjwa wa kurithi ambao wagonjwa wake nchini humo ni maelfu machache tu. Ruhusa ya FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ya kuanza majaribio kwa binadamu (IND) ipo mkononi, na mkataba na kampuni ya kuendesha majaribio umeshasainiwa. Maombi ya hadhi ya dawa yatima (yaani dawa ya ugonjwa adimu) bado hayajapelekwa. Uongozi unaona hayo ni makaratasi ya baadaye, yatashughulikiwa karibu na kuomba kibali cha kuuza dawa.

Bajeti ya mwaka ni hii: dola 4,000,000 kwa kampuni ya kuendesha majaribio, dola 600,000 mishahara ya wafanyakazi wa ndani wanaosimamia jaribio, na dola 400,000 za dawa ya majaribio na vifaa vinavyotumika na kuisha.

Ninachotaka kujua: je, gharama zote hizi zinaingia kwenye punguzo (kiasi kinachokatwa kwenye kodi yenyewe)? Kiwango ni asilimia ngapi? Na kampuni isiyolipa kodi ya mapato, kwa sababu haina mapato, inalitumiaje?

---

Karani_Mkuu

Mkuu, anza na hilo la "makaratasi ya baadaye", maana ndilo litakalokula hela yote.

Punguzo la kifungu 45C haliangalii IND ilitoka lini wala mkataba ulisainiwa lini. Linaangalia dirisha lenye ncha mbili. Linafunguka siku FDA inapoipa dawa hadhi ya dawa yatima chini ya kifungu 526 cha sheria ya vyakula na dawa, na linafungwa siku dawa inapopata kibali cha kuuzwa kwa ugonjwa huo. Jaribio lililofanyika kabla ya tarehe ya hadhi halihesabiki, hata kama lilikuwa la ugonjwa uleule, kwa dawa ileile, chini ya IND halali, na hata kama hadhi ilitoka wiki mbili baadaye. Hairudi nyuma.

Kwa hiyo kampuni yako ikitumia dola 5,000,000 zote mwaka huu, halafu ikaomba hadhi mwakani, gharama zinazostahiki mwaka huu ni sifuri. Maombi yenyewe FDA haitozi ada.

Kuhusu kiwango: 25%. Ukikuta maandishi yanayosema 50% usishangae, ndivyo ilivyokuwa tangu sheria ya dawa yatima ya 1983 mpaka mwisho wa 2017. Mageuzi ya kodi ya 2017 ndiyo yaliyokata. Bunge la wawakilishi lilitaka kulifuta kabisa, seneti ikapendekeza 27.5%, wakamalizana kwenye 25% kwa miaka ya kodi inayoanza baada ya 31 Desemba 2017. Bado kuna makala nyingi mitandaoni zinazonakili ile 50% ya zamani, na watu wanaziweka kwenye makadirio ya wawekezaji.

Halafu kuna kitu kinachoipunguza tena hiyo 25%. Kifungu 280C kinakataza kula mara mbili: huwezi kupata punguzo la dola 100 na papo hapo ukaitoa dola 100 hiyohiyo kama gharama kwenye mapato. Njia ni mbili. Ama unachukua 25% kamili na kupunguza gharama zako kwa kiasi cha punguzo, ama unachagua punguzo dogo, yaani 25% ukiondoa 21% yake, ambayo ni 19.75%. Chaguo la pili linafanywa kwenye ritani iliyowasilishwa kwa wakati (muda wa nyongeza ukiwemo), na ukishachagua hubadilishi. Ukisahau, huwezi kulirekebisha kwa ritani ya marekebisho.

Kwa bajeti yako, tukidhani kila senti inastahiki: 25% ya 5,000,000 ni 1,250,000. Punguzo dogo ni 987,500.

---

Msajili_wa_Dawa

Niongezee upande wa FDA, kwa sababu wahasibu wengi hudhani hadhi ni muhuri tu unagongwa.

Maombi yanakwenda kwenye ofisi ya FDA ya bidhaa za magonjwa adimu, kwa kanuni za 21 CFR sehemu ya 316. Huhitaji kuwa na IND ili kuomba. Unaweza kuomba wakati wowote kabla ya kuwasilisha maombi ya kuuza dawa kwa ugonjwa huo. Ofisi imejiwekea lengo la kujibu ndani ya siku 90. Lakini jibu linaweza kuwa barua ya upungufu badala ya hadhi, na kuanzia hapo saa inaanza upya. Barua hiyo usiposhughulika nayo ndani ya mwaka mmoja bila kuomba nyongeza ya muda, maombi yanahesabiwa umeyaondoa mwenyewe. Kwa hiyo kwenye ratiba usiandike siku 90. Weka miezi sita hadi minane kati ya kutuma maombi na mgonjwa wa kwanza kupewa dawa, kama sayansi inaruhusu kusubiri.

Maombi yanasimama juu ya mambo mawili, idadi ya wagonjwa na msingi wa kisayansi.

Idadi: wagonjwa chini ya 200,000 nchini Marekani siku unapowasilisha. Zingatia, ni wagonjwa waliopo, si wanaogunduliwa kila mwaka. Hili ndilo kosa linaloongoza. Mtu analeta takwimu ya wagonjwa wapya 15,000 kwa mwaka kwa ugonjwa ambao mtu huishi nao miaka 20, halafu anashangaa kuambiwa hesabu haikamiliki. Wagonjwa wapya kwa mwaka hukubalika pale ugonjwa unapodumu chini ya mwaka, kwa mfano maambukizi makali yanayopona au kuua haraka. Kosa la pili ni kuchagua makadirio yanayokupendeza. Ukiwa na tafiti tatu zenye namba tofauti, weka zote, kisha tumia ya juu kabisa au eleza kwa hoja kwa nini haifai. Ofisi itaitafuta hata usipoitaja. Kwa chanjo, dawa za kinga na za uchunguzi, kinachohesabiwa ni watu watakaopewa kwa mwaka, nao wawe chini ya 200,000.

Kuna njia ya pili kwa magonjwa yanayozidi 200,000, kuthibitisha kwamba mauzo ya Marekani hayatarudisha gharama. Ipo kwenye sheria tangu 1983, ila wachache mno wanaipita. Unatakiwa kufungua vitabu vyote vya gharama na makadirio ya mauzo, na mzigo wa ushahidi ni wako.

Msingi wa kisayansi: data za wagonjwa ni bora, zikikosekana basi mnyama mwenye mfano wa ugonjwa wenyewe. Data za maabara peke yake, bila mnyama, huwa na nafasi pale tu ambapo hakuna mfano wa mnyama unaokubalika, na lazima uliseme hilo waziwazi. Nadharia ya jinsi dawa inavyofanya kazi, bila jaribio lolote, inakataliwa.

Mtego mwingine ni kukata ugonjwa wa kawaida vipande ili kila kipande kiwe chini ya 200,000. Kusema "saratani fulani hatua ya nne" hakutoshi. Lazima kuwe na sifa ya dawa yenyewe inayoifanya isifae kwa wagonjwa waliobaki, kama vile sumu kali kiasi kwamba haiwezi kupewa aliye kwenye hatua za mwanzo, au kufanya kazi kwa wenye badiliko fulani la jeni pekee. Na kama tayari kuna dawa iliyo sawa na yako iliyoidhinishwa kwa ugonjwa huohuo, uje na hoja inayoaminika kwamba yako ni bora kitabibu.

Mwombaji asiye mkazi wa Marekani anatakiwa kuwa na wakala anayeishi huko. Na hadhi ikishatoka, ripoti ya kwanza ya maendeleo inatakiwa ndani ya miezi 14, kisha kila mwaka mpaka dawa iidhinishwe. Jambo moja la kutuliza roho: wagonjwa wakiongezeka baadaye na kupita 200,000, hadhi hainyang'anywi kwa sababu hiyo tu.

---

Mwanafunzi_wa_Kodi

Asanteni sana, hapo kwenye tarehe nimeelewa. Sasa tuseme hadhi imepatikana kabla ya mgonjwa wa kwanza. Zile milioni tano zote zinapita? Na nilisahau kusema, theluthi moja ya vituo vya majaribio iko nje ya Marekani, kwa sababu wagonjwa ni wachache.

---

Karani_Mkuu

Hapana, hazipiti zote. Tuzipitie.

Kampuni ya kuendesha majaribio. Hapa 45C ina ukarimu kuliko punguzo la kawaida la utafiti la kifungu 41. Kwenye kifungu 41 malipo kwa mkandarasi huhesabiwa 65% tu, kwenye 45C ni 100%. Lakini masharti ya mkataba ni yaleyale: uwe umesainiwa kabla ya kazi kuanza, kazi ifanywe kwa niaba yako, na wewe ndiye ubebe gharama hata jaribio likifeli. Malipo yanayotegemea mafanikio, mathalani "utalipa dola 500,000 kama matokeo ya awamu ya pili yatafikia kigezo", hayahesabiki, kwa sababu hatari ya kufeli ameibeba mkandarasi. Wanasheria hupenda vipengele hivyo kwa kuwa vinalinda fedha. Basi wajue vina bei kwenye kodi.

Malipo ya awali nayo yanasumbua. Ukilipa dola 1,000,000 Desemba kwa kazi itakayofanyika mwakani, inahesabiwa mwakani, pale kazi inapofanyika. Vivyo hivyo huwezi kulipa leo ukasubiri hadhi, au kulipa baada ya hadhi kwa kazi iliyokwisha fanyika. Kazi yenyewe ndiyo inayotazamwa.

Ankara za kampuni hizi huja na mstari mmoja, "huduma za mwezi Machi". Hiyo haifai. Kwenye mkataba wenyewe dai mchanganuo wa kila mwezi: usimamizi wa vituo, malipo kwa hospitali, vipimo vya maabara vya washiriki, uchakataji wa data, usafiri, na muhimu kuliko vyote, nchi ambako kila kazi imefanyika. Kuuomba baada ya miaka mitatu, mkaguzi wa IRS (mamlaka ya kodi ya Marekani) akiwa mlangoni, ni kazi ya kuchimba kisima kwa kijiko.

Mishahara. Inahesabika kwa wanaofanya jaribio, wanaolisimamia moja kwa moja na wanaolisaidia moja kwa moja. Daktari msimamizi wa jaribio, ndiyo. Anayefuatilia data za washiriki, ndiyo. Mkurugenzi mkuu anayehudhuria kikao cha jaribio mara moja kwa wiki, ni zile saa tu unazoweza kuzithibitisha. Mhasibu, mwanasheria, afisa wa wawekezaji, hapana. Karatasi za muda zijazwe kila wiki na zitaje namba ya jaribio, siyo "utafiti" tu, kwa sababu saa za panya na saa za binadamu zinakwenda kwenye mapunguzo tofauti.

Dawa na vifaa. Vinavyotumika na kuisha ndani ya jaribio vinaingia: dozi walizopewa washiriki, plasebo (dawa bandia ya kulinganishia), vichupa, vitendanishi. Mashine inayochakaa miaka kadhaa haiingii. Kuboresha mchakato wa kiwandani ili baadaye utengeneze kwa wingi siyo jaribio kwa binadamu, nako hakuingii. Utafiti wa wanyama hauingii kabisa, hata ukiwa umeagizwa na FDA yenyewe katikati ya jaribio.

Washiriki wenye afya njema, wale wa awamu ya kwanza, wanahesabika, na walio kwenye kundi la kulinganishia pia, mradi jaribio ni la lazima ili dawa iidhinishwe kwa ugonjwa huo adimu. Kama jaribio moja linahudumia magonjwa mawili na mmoja tu una hadhi, gawanya gharama kwa kigezo unachoweza kukitetea, mfano idadi ya washiriki wa kila ugonjwa.

Fedha za watu wengine zinatolewa. FDA ina mpango wake wa ruzuku za majaribio ya magonjwa adimu, na mashirika ya wagonjwa huchangia pia. Kiasi kilicholipwa kwa ruzuku hakina punguzo. Si sababu ya kuikataa ruzuku! Dola ya ruzuku ni dola nzima, punguzo ni chini ya senti 25. Ila usiziweke zote mbili kwenye makadirio.

Sasa vituo vya nje. Kanuni ni kwamba jaribio la nje ya Marekani halihesabiki, isipokuwa yakutane mambo mawili: Marekani hakuna washiriki wa kutosha wanaofaa kutoa data za kuaminika, na jaribio linaendeshwa na mtu wa Marekani au na mtu asiye na uhusiano wa umiliki na wewe. Kwa ugonjwa wa wagonjwa maelfu machache, sharti la kwanza linaweza kutimia. Lakini uchache wa wagonjwa siyo ushahidi. Ushahidi ni kumbukumbu za wakati ule: vituo vingapi vya Marekani vilifikiwa, wagonjwa wangapi walichunguzwa, wangapi walikataliwa kwa vigezo vya jaribio, wangapi walikuwa tayari kwenye jaribio la mshindani. Kama vituo vya nje vilichaguliwa kwa kuwa ni nafuu, na barua pepe zinasema hivyo, usidai. Na usitumie kampuni yako tanzu ya nje kuendesha jaribio, hapo sharti la pili linakufa.

Tena, gharama za utafiti wa nje zina adhabu nyingine pembeni: zinagawanywa kwa miaka 15 kabla ya kutolewa zote kwenye mapato, wakati za ndani ya Marekani, kuanzia miaka ya kodi inayoanza baada ya 2024, zinatolewa mara moja.

---

Hesabu_Baridi

Mmeeleza vizuri lakini swali lake la tatu bado linaning'inia. Kampuni haina kodi ya kulipa, na punguzo hili halirudishwi kwa fedha taslimu. Linajazwa kwenye Fomu 8820, linaingia kwenye kapu la mapunguzo ya biashara la Fomu 3800, na kama hakuna kodi linarudishwa nyuma mwaka 1 au kusogezwa mbele miaka 20. Mwaka wa 21 linakufa. Kwa kampuni changa, kurudi nyuma hakuna maana, huko nako hakukuwa na kodi.

Hata faida ikija, halifuti kodi yote. Tuseme siku moja kodi ni dola 1,000,000. Kikomo kinakuachia 25% ya kodi inayozidi dola 25,000, yaani 243,750 utalipa tu. Punguzo linalotumika mwaka huo ni 756,250, linalobaki linasogea mbele.

Ndiyo maana lazima ulinganishe na kifungu 41. Kampuni changa yenye mapato ghafi chini ya dola milioni 5 kwa mwaka inaruhusiwa kulipeleka punguzo la kifungu 41 kwenye kodi ya mishahara, sehemu ya mwajiri, hadi dola 500,000 kwa mwaka. Hiyo ni fedha inayobaki mfukoni kuanzia robo inayofuata baada ya kuwasilisha ritani, haingoji faida. 45C haina mlango huo.

Kwa namba zako, tukidhani tena kila senti inastahiki, kwa njia rahisi ya kifungu 41 na kampuni isiyokuwa na gharama za utafiti katika mmoja wa miaka mitatu iliyopita: mkandarasi 65% ya 4,000,000 ni 2,600,000, jumlisha mishahara na vifaa 1,000,000, jumla 3,600,000. Mara 6% ni 216,000. Na bado huipati yote kwa mpigo. Kama mishahara ya kampuni nzima ni 1,500,000, na hakuna anayevuka kikomo cha mshahara kinachotozwa mchango, sehemu ya mwajiri ni 6.2% ya hifadhi ya jamii na 1.45% ya Medicare (bima ya afya ya wazee), jumla 114,750 kwa mwaka. Hicho ndicho unachoweza kufuta, kinachozidi kinasubiri robo zinazofuata.

Kwa hiyo uchaguzi ni 987,500 za karatasi au laki moja na ushee za kushika mkononi. Huwezi kumega gharama upendavyo. Ukiichagua 45C kwa mwaka, gharama za majaribio zinazostahiki mwaka huo hazihesabiwi kwenye punguzo la kifungu 41.

Ninavyoona mimi, kampuni yenye fedha za kufika mwisho wa awamu inayofuata ichague 45C kwa majaribio ya binadamu, na iweke kwenye kifungu 41 vile ambavyo 45C inavikataa: wanyama, kemia ya dawa, na majaribio yaliyofanyika kabla ya hadhi. Mara nyingi hivyo peke yake vinatosha kumaliza kodi ya mishahara ya kampuni yenye watu kumi. Kampuni inayohesabu wiki za mishahara iliyobaki isidanganywe na namba kubwa.

Mitego miwili hapo. Wa kwanza, mlango wa kodi ya mishahara unafungwa kama kampuni ilikuwa na mapato ghafi yoyote kabla ya kipindi cha miaka mitano kinachoishia mwaka unaodai, na riba ya benki ni mapato ghafi. Kampuni iliyokaa miaka saba na akaunti yenye riba ya dola 300 kwa mwaka imeshatoka nje bila kujua. Tena uchaguzi wake unafanywa kwenye ritani ya awali iliyokuja kwa wakati, Fomu 6765, kisha Fomu 8974 kila robo. Wa pili, gharama za 45C zinaondolewa kwenye punguzo la kifungu 41 mwaka huu, lakini kama nazo ni za utafiti unaostahiki, zinahesabiwa kwenye wastani wa miaka ya nyuma unapokokotoa kifungu 41 miaka ijayo. Programu nyingi za ritani zinaziruka zisipoingizwa kwa mkono, na punguzo la mwaka unaofuata linatoka kubwa kuliko haki.

---

Mwanahisa_Mdogo

Naomba kupinga kidogo hiyo "987,500 za karatasi ndani ya miaka 20". Kwa kampuni za dawa kinachoua punguzo mapema siyo miaka 20, ni kifungu 382 na 383.

Kila awamu ya mtaji inaleta wanahisa wapya. Wanahisa wenye 5% na zaidi wakiongeza sehemu yao kwa jumla ya zaidi ya pointi 50 za asilimia ndani ya miaka mitatu, umiliki unahesabiwa umebadilika, na hasara na mapunguzo ya nyuma yanawekewa kikomo cha mwaka. Kikomo ni thamani ya kampuni kabla ya mabadiliko mara kiwango kinachotangazwa na IRS kila mwezi. Chukulia kampuni ya 20,000,000 na kiwango cha 3%: ni mapato 600,000 kwa mwaka, sawa na kodi 126,000. Na hasara za nyuma ndizo zinazotangulia kula kikomo hicho, punguzo linachukua makombo. Hata kama hakuna hasara kabisa, 987,500 zitachukua karibu miaka minane. Zaidi ya hapo, mnunuzi akiifunga biashara ya zamani ndani ya miaka miwili baada ya mabadiliko, kikomo kinakuwa sifuri.

Hii inagusa pia uchaguzi wa 280C. Kwa hesabu ya kawaida 25% kamili na 19.75% ni kitu kimoja: punguzo linapanda kwa 262,500, na gharama zinazopotea za 1,250,000 mara 21% ni 262,500 hiyohiyo. Lakini hasara haina mwisho wa kusogezwa mbele (ingawa inafuta 80% tu ya mapato ya mwaka), punguzo linaisha miaka 20. Kampuni iliyo mbali na faida kwa kawaida inafaa ichukue punguzo dogo na kubaki na hasara kubwa.

---

Mwanafunzi_wa_Kodi

Hii imenifungua macho. La mwisho: kama kampuni itatoa leseni ya dawa kwa kampuni kubwa ambayo ndiyo italipia awamu ya tatu, punguzo ni la nani?

---

Msajili_wa_Dawa

La yule ambaye hadhi inasomeka kwa jina lake, na awe ndiye anayelipa. Hapo ndipo leseni nyingi zinapokwama: mtoa leseni amebaki na hadhi lakini halipi, mpokeaji analipa lakini hana hadhi. Matokeo yake hakuna anayestahiki, na awamu ya tatu ndiyo ghali kuliko zote.

Dawa yake ni barua mbili. Mwenye hadhi anaiandikia FDA kwamba amehamisha haki na tarehe ya kuanza, anayepokea anaandika kwamba amezipokea na ana nakala kamili ya maombi. Zipelekwe kabla ya mpokeaji kuanza kulipia majaribio, na sharti hilo liandikwe ndani ya mkataba wa leseni, kwa tarehe.

---

Karani_Mkuu

Kwa kampuni mama na tanzu zilizo chini ya umiliki mmoja ni rahisi zaidi, zinahesabiwa kama mlipakodi mmoja, hivyo hadhi ikiwa kwa mama na malipo yakatoka kwa binti si tatizo. Ila kwenye leseni angalia pia jambo la kinyume: kama mpokeaji wa leseni anakurudishia gharama za jaribio unaloendesha wewe, hizo ni fedha za mtu mwingine, zitoe kwenye Fomu 8820.